Mume Wangu Aliniambia Habari ya Kihamba Tukiwa Ndani ya Treni

Admin, jina langu libaki kwako, maana wifi zangu wanausoma sana huu ukurasa.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani hapa Moshi mjini. Shule niliishia kidato cha nne. Nimeolewa juzi tu, hata picha za harusi mpiga picha bado hajatupa zote. Kabla sijasema lolote naomba mjue kwamba mume wangu nampenda. Nampenda mpaka buti zake za kazi zikija na matope nafurahi kuzifuta. Kwao ni Kilema, huko juu vijijini, na kazi yake ni kuongoza watalii mlimani, na akishuka baada ya siku zote hizo za baridi, jambo la kwanza anauliza kama mimi nimekula. Wangapi wamepata mume wa namna hiyo?

Fungate letu tulikwenda Mombasa. Alisema miaka yote amewatembeza wageni kwao, sasa na yeye anataka kuwa mgeni kwenye nchi ya watu. Siku ya mwisho tulizunguka tangu asubuhi. Tuliingia ile ngome ya kale, tukapiga picha chini ya zile pembe kubwa za barabarani, amenishika kiuno kama vile mtu ataninyakua. Viatu vilikuwa vinabana mpaka nikavivua nikavishika mkononi, na yeye akavichukua akavibeba. Nilijiona malkia.

Baadaye tukaingia mtaa wa vitambaa. Mnajua fundi cherehani akiona vitambaa anakuwaje. Nikachagua mapazia ya sebule yetu, rangi ya maziwa yenye maua madogo. Tumepanga chumba na sebule karibu na kibanda changu cha kushonea, na kile kidirisha chetu nakijua kwa mkono. Nikataja kipimo, mume wangu akamwambia muuzaji aongeze, yafike mpaka chini. Nikasema yatakuwa marefu sana. Akasisitiza. Yule mzee muuzaji akacheka, akaniambia, "Bi harusi, hebu muulize mumeo anapima dirisha gani. Lako au la mke mwenzio?"

Tulicheka wote, mimi nikacheka kuliko wote. Halafu akanunua sufuria kubwa, ile ya kupikia watu wengi, na blanketi zito. Nikamuuliza blanketi la nini na joto la Moshi analijua. Akasema litatufaa.

Alasiri tukapanda treni ya kuturudisha hadi Voi, ili tuunganishe gari la Taveta na mpakani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda treni. Nilikaa dirishani, miguu imevimba, yeye akaiweka mapajani kwake akawa anaikanda. Nikawaza, Mungu, hii furaha nimeipata wapi. Hapo hapo akaanza kuongea, na mikono haikuacha kukanda.

"Mke wangu, mdogo wangu ameshaamua. Anaingia utawani."

Nikamwambia hiyo ni baraka, mama atafurahi. Huyo shemeji ndiye mtoto wa mwisho kwao, na kwetu Uchagani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani, na migomba, na ng'ombe, na wazazi, na makaburi ya wazee. Mtawa haoi wala hamiliki. Kabla sijafika mwisho wa hayo mawazo, akamalizia yeye.

"Kwa hiyo kihamba kimekuja kwangu. Tutahamia nyumbani."

Nikaelewa mapazia yalikuwa ya madirisha ya nani, na baridi ya blanketi ni ya wapi. Nikamuuliza amelijua hilo tangu lini.

"Kabla ya sendofu yako, kabla kwenu hawajakuaga."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali kuolewa?"

Nilitaka kusema ningekubali. Naapa nilitaka. Mdomo haukufunguka, na yeye aliuona haukufunguka. Voi tukashuka, tukapanda gari la Taveta. Kwenye gari nililala begani kwake, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na bega lililokuwepo lilikuwa lake.

Msinielewe vibaya, mlima siuogopi. Mimi nimezaliwa upande wa Kwa Sadala, nimebeba majani ya ng'ombe kichwani tangu nikiwa mdogo. Najua kazi ya kihamba haina Jumapili. Ndiyo maana nilijifunza kushona, nikatafuta wateja mmoja mmoja. Na mume wangu hatakuwepo, atakuwa juu na wageni wake. Nitakayebaki na ng'ombe na migomba ni mimi. Mama mkwe si mtu mbaya, wala sitaki mumseme. Juzi alinipigia, nikampa shikamoo, akasema, "Mwanangu, tangu nisikie mnakuja, hata kabla ya harusi, nalala usingizi." Ningemjibu nini mama mjane wa watu? Nikasema asante mama. Kumbe na yeye alijua. Wote walijua, waliniimbia na kunipigia vigelegele wakijua.

Sasa hivi mume wangu yupo mlimani. Jumamosi anashuka na pikapu ya rafiki yake kuchukua vyombo, na mwenye nyumba ameshaambiwa. Kila nikikaa kwenye cherehani nachoka kabla sijaanza. Nikikataa, nitakuwa bibi harusi aliyemtupa mama wa mumewe. Nikikubali kimya kimya, nimemfundisha kwamba mimi huambiwa mwisho, tena mahali ambapo siwezi kushuka.

Kaka zangu, dada zangu, mliokaa kwenye ndoa kuliko mimi, niambieni kabla ya hiyo Jumamosi. Nipande naye, au nibaki hapa na cherehani yangu, nimwambie ashuke garini kwanza tuongee?