Kamusi ya Watu Wawili

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo. Ukimpelekea suruali aipunguze, lazima akupunguze na wewe kidogo. Lakini mwezi ule alinyamaza, mpaka wateja wakaanza kuulizana kulikoni.

Binti yake wa pekee alikuwa amekwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Kabla ya safari walijifunza lugha ya huko pamoja, pale pale kibandani, kwa kamusi ya mtandaoni. Akaunti ilikuwa moja. Binti akaondoka na simu mpya, mama akabaki na ile kuukuu, na kila neno alilotafuta mmoja likawa linatokea kwa mwenzake. Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi sindanoni, mama alisoma: ufagio, pasi, sabuni, chumvi imezidi.

"Chumvi imezidi!" alicheka peke yake. "Si nilisema huyu hajui kupika?"

Kisha maneno yakabadilika. Njaa. Ufunguo uko wapi. Naomba pasipoti yangu. Mkono umevimba. Na akimpigia simu, binti anajibu kama mtu anayeambiwa la kusema: "Sijambo, mama. Wananitunza vizuri. Kwaheri."

Wee! Vizuri gani huko, mtu anaulizia ufunguo?

Akampelekea simu hiyo kaka yake, dereva wa lori. Kaka alisoma orodha yote, akavua kofia. Siku hiyo hiyo alimbana wakala aliyemtafutia binti kazi mpaka akatoa anwani, akaenda nayo ubalozini.

"Alhamisi watu wa ubalozi wanakwenda na polisi wa huko kumtoa," alimwambia. "Lakini dada, nakuomba, usiandike kitu humo. Soma tu. Hujui ile simu inashikwa na nani."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kaka."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba mapema."

Jumatatu alivumilia. Jumanne alishona zipu upande usio wake mara mbili, mteja akaguna, naye hakumrudishia hata tusi. Jumatano asubuhi akafungua kamusi, akakuta neno moja tu: Naogopa.

Jamani, moyo wa mama si chuma. Mkasi ulimponyoka. Alijua alichokatazwa, alikijua vizuri sana, lakini vidole vilikwisha kuanza. Akaandika mahali pa kutafutia: Vumilia mwanangu, kesho wanakuja kukuchukua. Akabonyeza. Akahisi mzigo umemshuka, hata akamtania muuza maji aliyekuwa akipita.

Alipoirudia simu, chini ya maneno yake palikuwa na mapya. Alitabasamu kwanza. Halafu akaona kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu mwanawe aondoke. Binti huandika kwa lugha ya nyumbani, kamusi ikamgeuzia kwa lugha ya huko. Safari hii aliyeandika alianza na lugha ya huko.

Tafsiri ilisema: Nani anakuja kesho?

Mama Vifungo alikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya nguo. Akampigia binti; simu ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa haipatikani. Akafungua kamusi, akakuta kwamba kabla ya simu kuzimwa, mtu yule alikuwa ametafuta maneno mengine mawili, ya kumwambia msichana asiyeijua vizuri lugha yake.

Vaa viatu.

Ilikuwa Jumatano bado, saa nne asubuhi.