Jodari wa Lambert

Kwa miaka minane Lambert alipanga maboksi kwenye ghala moja la Houston, na kila Jumapili baada ya misa alituambia mgongo wake umekwisha. Ujana wake aliuacha Rumonge, Burundi, akivua mgebuka ziwani. Kisha zikaja kambi za Tanzania, na baadaye chumba chake na mkewe cha ghorofani Gulfton, mtaa wa Houston, ambako maji pekee ni ya bombani.

Mwaka 2018 Cheruiyot, nesi mwenzangu aliyekuwa pia na leseni ya unahodha, alitafuta msaidizi wa boti yake ya wageni wanaovua kwa burudani. Nikampelekea Lambert. Cheruiyot akasema atamjaribu Jumamosi moja tu, nami nikapanda kama mgeni wa kuvua.

"Wakubwa tunabeba, wadogo tunarudisha wakiwa hai," alimwambia tukiondoka gatini. "Samaki wakifia mikononi mwako, mzee, sina kazi ya kukupa."

Lambert alicheka. "Kapteni, nyie watu wa Kericho samaki mliwaona wapi? Kwenye majani chai?"

Karibu na mtambo wa mafuta, mbali baharini, fimbo yangu ya kuvulia ilipinda. Nilivuta jodari mdogo, mnene kama chupa. Lambert alilowesha mikono, akachomoa ndoana taratibu bila kumwangusha. Kisha akapiga magoti, akamshusha majini kwa mikono miwili, polepole, kama Mrundi anavyompa mgeni kitu cha heshima.

Samaki alilala ubavu. Akageuka tumbo juu. Ndege shakwe wakamfuata, na mimi nikatazama pembeni.

"Mzee Lambert! Huyo si mtoto wa kubatizwa!" Cheruiyot alifoka. "Jodari hapumui akisimama. Lazima maji yapite kwa nguvu kwenye matamvua yake. Mrushe, kichwa mbele!"

"Kumrusha?" Lambert alikuwa amekunja uso. "Kwetu kinachorushwa ni takataka. Huyu ni chakula, Kapteni."

"Basi chakula chako kimekufa."

 Lambert alisimama ukingoni akiangalia ule weupe mdogo ukienda na mawimbi, na niliona mabega yake yameshuka kama siku za ghala. Niliogopa kutupa tena ndoana yangu. Samaki wangu ndiye angemkosesha kazi.

"Tupa, dada," akaniambia mwenyewe.

Wa pili alikuja upesi. Lambert alimshika kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, mwingine karibu na mkia. Akamnong'oneza jambo kwa Kirundi. Akangoja wimbi lipande, akamrusha kichwa mbele kwa nguvu zote, kama mkuki.

Maji yalifunguka, yakafunga. Tukaona mgongo wa buluu ukizama kwa kasi, ukapotea.

 Lambert alirusha wengine watano siku ile, na hakuna aliyerudi juu.

"Jumamosi ijayo saa kumi alfajiri," Cheruiyot alisema tukirudi. "Na uje na kofia."

Mtandao ulipopatikana karibu na gati, simu ya Lambert ililia. Alikuwa mkewe, Emérance.

"Umepata samaki wangapi? Sufuria iko tayari."

"Nimewaachia wote."

"Wote? Mvuvi gani wewe?"

"Wa kuajiriwa," Lambert alisema, akinusa viganja vyake. "Pika maharage, mama."