Kozi Iliyomfuata Mjane Ndani ya Eda

Saa mbili asubuhi, Sihaba Mwishehe ameketi barazani kwake Kerege, kompyuta mapajani, simu sikioni. Anasikiliza sauti ya mwanafunzi, anaisimamisha, anaandika, anairudia. Ndiyo kazi yake hiyo: kutunga kozi za chuo kikuu zinazosomwa kwa simu na watu wazima wasioweza kwenda darasani.

Wanafunzi wake thelathini na wanne ni wachuuzi, mafundi na wakulima, kuanzia Mapinga hadi Bagamoyo mjini. Mambo ya kukariri hakuna. Kila wiki wanalitumia somo katika shughuli zao wenyewe, kisha wanatuma picha wakiwa kazini.

"Sharti la picha nililiweka mimi," anasema Sihaba, mwenye miaka 41. "Nikajiona nimepatia kweli."

Mwezi Machi sharti hilo likamtokea puani. Adila Kombo, mkaanga samaki wa Bagamoyo, alifiwa na mumewe akiwa amebakiza miezi mitatu apate cheti. Akaingia eda: miezi minne na siku kumi, hatoki. Matanga hata hayajaanuliwa, chuo kikamtumia ujumbe: picha hazijafika, baada ya wiki mbili utaondolewa.

"Mwalimu, nifuteni tu," Adila alijibu. "Eda yangu siivunji kwa ajili ya cheti."

Sihaba haifichi aibu yake. "Mimi mtoto wa pwani, bibi yangu nimemwona akikaa eda kwa macho yangu haya. Nilipoandika lile sharti akili yangu ilikuwa wapi?"

Akaenda kwenye bodi ya kozi. Mwenyekiti, Dakta Najim, akamwambia ukimlegezea mmoja, kesho watakuja kumi.

"Na waje," akajibu Sihaba. "Kozi ni yao."

Akapewa wiki moja alete kazi nyingine yenye uzito uleule. Aliiandika kwa siku tatu: Adila aendeshe biashara akiwa ndani, mdogo wake Dija asimame kwenye karai, na kila jioni Adila arekodi alichoagiza, kilichoharibika na alivyokirekebisha.

Na kuharibika kuliharibika. Wiki ya kwanza Dija alinunua vibua vilivyolala, wateja wakamrudishia. Adila akamfundisha kwa simu kufunua matamvua ya samaki na kutazama wekundu wake, ajue kama ni wabichi, na somo zima akalirekodi.

"Miaka kumi na minane nilifanya kila kitu peke yangu," anasema Adila, ambaye sasa ametoka eda. "Siku Dija aliponiambia wateja wamerudi, nililia. Kumbe sijabaki peke yangu."

Bodi ilisikiliza rekodi zote, ikaipitisha kazi. Adila amepata cheti chake.

Sasa Sihaba anaziandika upya kozi zote nne kabla ya muhula wa Oktoba, ili kila kazi iwe na njia ya kufanyika nyumbani. Dakta Najim bado anaguna, lakini ameruhusu.

Tukiwa tunaagana, simu inaita. Ni Mwaija, fundi cherehani wa Mapinga, anayetarajia kujifungua mwezi ujao.

"Na mimi, mwalimu, siku zangu arobaini nitafanyaje?"

"Zimo humu tayari, mama," anajibu Sihaba. "Wewe jifungue salama tu."