Shavu la Ramadhani

Miaka ile mchele ulipokuwa wa foleni, nilikuwa nikisomesha darsa ya kila siku baada ya sala ya alasiri, katika msikiti wa mtaa wetu mjini Unguja. Nyumba zimebanana pale. Harufu ya samaki wa futari huingia msikitini kabla ya watu. Ramadhani moja, kila harufu hiyo ilipoingia, shavu langu la kushoto lilifura kama nimeficha kitu.

Mwanzo watu waliinamisha macho. Kisha mzee mmoja mcheshi akaniuliza kwa upole, mbele ya wote: "Sheikh, tambuu hiyo unayotafuna ni ya daku au ya leo?"

Walicheka. Nilifungua kinywa wakakiona kitupu. Mmoja akasema eti nshaimeza. Hapo nikamtazama sahibu yangu aliyekaa ubavuni pangu, tuliyesoma naye chuo kimoja tangu udogo. Yeye alijua. Tangu Rajabu, katika maulidi na harusi, tulikula sinia moja, na shavu lilipofura kabla hata ya tonge la kwanza, ndiye aliyenitania kuwa ninafuga embe. Neno lake moja lingetosha. Aliangalia mkeka.

Mwezi haujaandama, wazee wakanitaka nipumzike. Darsa akapewa yeye, akaipokea.

Baada ya Idi jino liliniuma. Hospitalini daktari aliipiga picha taya yangu. Jino lilikuwa na tundu dogo tu. Kilichomshughulisha ni kitone cheupe kilichokaa nje ya mfupa, ndani ya nyama ya shavu. Ni kijiwe, alisema, kilichoganda kutokana na mate yenyewe na kuziba njia yake. Mtu akinusa chakula mate huja, yakakosa pa kutokea, shavu likafura. Akaniuliza kama kimepata kunisumbua. Nilimwomba anipe ile picha.

Picha nilimpelekea sahibu yangu. Aliielekeza dirishani, akaitazama.

"Alhamdulillahi, umesafika," alisema.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Nilikusitiri, sahibu. Maradhi ya mtu hayatangazwi."

Kusitiri ni jambo tukufu. Sikuwa nimepata kuliona likitumika kumvua mtu nguo. Nilimwomba basi ayatangaze, mimi mwenyewe nimeridhia, alasiri ileile. Aliirudisha picha katika bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema darsa ya leo ni mlango wa mirathi, nao ni mrefu.

Nilihudhuria. Nilikaa nyuma, karibu na viatu, bahasha mapajani, na hakuna aliyeniuliza ina nini.