Kanzu ya Swaleh na Kibegi cha Juu ya Kabati

Kuna watu hapa Magogoni mpaka leo wakinipita kichochoroni hujifunika mtandio mdomoni, na mimi najua si vumbi wanalolikwepa, ni kicheko. Nimezoea. Lakini kwa kuwa kila mtu anakisimulia kisa hiki apendavyo (juzi nimesikia kwa muuza mbaazi kwamba eti mwanangu alizimia, na si kweli, alikimbia), acheni nikieleze mwenyewe tangu mwanzo, mnicheke nikiwepo.

Kwanza mjue kwamba mimi si fundi. Mimi ni mtu aliye na cherehani tu. Alininunulia mume wangu Athmani, ambaye anafanya kazi bandarini Kipevu, baada ya mimi kufuma kila kilichofumika humu ndani: vitambaa vya makochi, vitambaa vya meza, kofia ya birika la chai, na mwisho sweta, sweta nzima ya sufu yenye mikono mirefu, Mombasa hii hii, ambayo Athmani aliivaa mara moja kwa adabu akatoka jasho mpaka ndani ya masikio, na sasa paka amezalia humo. Nadhani cherehani aliinunua ili aninyang'anye zile sindano. Basi nikahamia kwenye kushona. Nikashona foronya ambazo mto haukuingia, nikashona pazia likawa fupi upande mmoja, na bado nikawa najiona fundi.

Mtu pekee ambaye hakudanganyika ni mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, aliyehamia kwetu kutoka Likoni baada ya magoti kumsumbua, akawa analala chumba kimoja na watoto. Ni mama wa heshima zake, hagombi, hapandishi sauti. Yeye hukutazama tu kisha akasema "Haya", na ukiisikia "Haya" hiyo unatamani heri angekugombeza. Mimi nilikuwa nataka siku moja, moja tu, anitazame aseme "Mashallah, Rukia."

Ikaja habari ya Maulidi ya madrasa. Mwalimu akasema watoto wa kasida wote wavae kanzu mpya nyeupe. Mama mkwe akanambia kwa upole, "Mwanangu, kanzu zauzwa tele, nenda kamnunulie mtoto." Mimi nikachukua simu, nikaandika kwenye grupu la kina mama, "Ya Swaleh nashona mwenyewe, inshallah," nikaongeza na vipicha vya uzi na mkasi. Mashallah zikamiminika, nikavimba kichwa.

Swaleh ana miaka tisa. Siku ya kumpima alikuwa amejibwaga kwenye kochi na simu ya babake, mchezoni, nikamwambia simama nikupime, akajibu bila kuinua macho, "Mama, nikisimama nitakufa." (Mchezoni, yaani.) Mama mwenye akili angemnyang'anya simu. Mimi nilikuwa na mchuzi jikoni, nikaona uvivu wa kugombana, nikampima akiwa ameketi. Haya yote ninayowaambia chanzo chake ni hapo. Nilishusha tepu begani mpaka pajani, kutoka pajani mpaka kifundoni nikakisia, hesabu nikaifanya kichwani huku nikiwahi mchuzi usishike chini.

Alhamisi nikamaliza. Nikamvisha, akasimama katikati ya sebule, na kanzu ikaishia magotini. Lile lilikuwa shati la mgonjwa aliyetoroka hospitali. Mwenyewe alijitazama akaniuliza, "Mama, imebaki nyingine?" Kitambaa kilichobaki hakikutosha hata leso ya kupengea, na Maulidi ni Jumamosi.

Mtaniuliza, si ungekwenda dukani? Ningekwenda. Lakini kitambaa nilikinunua kwa Bi Saumu, jirani yangu mwenye duka la nguo hapo barabarani, na Bi Saumu yumo kwenye grupu, na angeniuliza mbele ya wateja ile kanzu ya kwanza imekwenda wapi, na jibu langu lingefika Changamwe kabla sijarudi nyumbani. Kwenda mjini nako, na foleni ile ya darajani, nikaona tabu. Kiburi na uvivu vilinishika huku na huku.

Mama mkwe hakuwepo, alikuwa amekwenda Likoni kwa dadake siku mbili na alisema atakuja moja kwa moja Maulidini. Nikaingia chumbani kwao kutafuta shuka kuukuu nyeupe. Juu ya kabati nikaona kibegi chake cha kahawia ambacho sikuwahi kukifungua. Nikakishusha, nikakifungua.

Ndani mlikuwa na vitambaa vyeupe, vizito, pamba tupu, vimekunjwa kwa ustadi, vitano. Kando yake furushi la pamba, chupa ya marashi, sabuni ambayo haijafunguliwa karatasi, na vidonge vyeupe vyenye harufu kali ya kupanda puani.

Nyinyi mnaonisikiliza mmeshajua. Nayaona macho yenu. Lakini mimi, wallahi, mtoto wa Kiislamu niliyezaliwa na kulelewa mji huu, niliyekwenda matangani mara zisizo idadi, nilivuta harufu ile ya kafuri nikajiambia, "Mama huyu ni msafi kweli, ameweka dawa ya mende."

Nikafikiri tena kwa akili yangu hiyohiyo: shuka tano za nini na kitanda chake ni kimoja? Nikachukua moja, ile kubwa. Nikapanga Jumatatu ninunue nyingine, niikunje vilevile, niirudishe, na hakuna atakayejua. Kwenye pembe palikuwa na alama ndogo ya uzi wa kijani, imeshonwa kwa mkono, nikaona inapendeza, nikakata kwa namna ambayo itakaa mbele kwenye pindo. Mikono ya kanzu nikaitoa kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo mwili ukawa mweupe wa maziwa na mikono myeupe ya buluu, lakini nilipoipiga pasi nikajionea fahari, nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu.

Jumamosi baada ya laasiri uwanja wa madrasa ulikuwa umejaa. Kina mama tumeketi mikekani upande huu, wanaume upande wa pili wa pazia, turubai juu, joto chini. Watoto wa kasida wamejipanga mbele na vigoma vyao vya twari, Swaleh safu ya kwanza, kanzu inafika kifundoni sawasawa. Bi Saumu akanisogelea, akamtazama mtoto weee, kisha akasema, "Rukia, hiki si kitambaa changu. Umekitoa wapi?"

Ningesema popote. Ningesema sokoni Mwembe Tayari. Sijui shetani gani aliyenishika ulimi nikajibu, "Kimetoka Makka."

"Mashallah! Makka kabisa?"

"Makka kabisa," nikasema, nikatengeneza mtandio wangu.

Wakati huo ndipo mama mkwe alipowasili, anachechemea kwa magoti yake. Tukampisha, shikamoo huku na huku, akawekewa kiti mbele kabisa kwa kuwa hawezi kukaa chini. Bi Saumu, kwa nia njema tu, akamwambia, "Mama, una mkwe hodari, kanzu ameshona mwenyewe, na kitambaa cha Makka." Mama akanigeukia. Akatabasamu, akasema, "Mashallah, Rukia."

Jamani. Neno nililolisubiri miaka yote. Nikalipata, na likakaa kama dakika tatu.

Maana wakapita wasichana wawili na mirashi, wakinyunyiza marashi kama desturi, na walipofika kwa watoto wakamrashia Swaleh kifuani barabara. Sasa chukua kafuri iliyolala kwenye pamba miaka, itie marashi, iweke juu ya mtoto anayetoka jasho chini ya turubai. Ile harufu ikainuka. Kila mtu mzima anaijua, kwa sababu inanusika siku moja tu na nyumba moja tu. Bibi mmoja safu ya mbele akaacha kutikisa kichwa, akanusa. Akamwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Pana msiba?" Mwenzake akanusa, akasema, "Inna lillahi." Wa nyuma yao wakaisikia ile inna lillahi wakauliza nani, wa nyuma zaidi wakaanza kulitaja jina la mzee mmoja wa mtaani ambaye kumbe yupo tu upande wa wanaume anakunywa kahawa, na mama mmoja akatoa simu kupiga kwao kuulizia. Mimi bado sijaelewa. Nilikuwa najisemea, ile dawa ya mende ina nguvu.

Mama mkwe alikuwa ameelewa. Nilimwona akiinama polepole kwenye kiti chake, akilivuta pindo la kanzu ya mjukuu wake, akilileta karibu na macho. Akaugusa ule uzi wa kijani kwa kidole gumba. Na ilivyotaka kuwa, matwari yakanyamaza, ubeti umekwisha, uwanja mzima kimya, na mwanamke huyu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti akaipandisha.

"Sanda yangu!"

Swaleh akamtazama nyanyake. Akajitazama. Anajua sanda ni nini, amefundishwa madrasa hiyohiyo. Akapiga ukelele ambao mimi mamake sikujua anao, akaivua kanzu kwa kupitia kichwani, ikakwama kwenye kola (kola niliibana kidogo), akazunguka gizani humo mara mbili, akaangusha matwari mawili, ikatoka, akaitupa na kukimbia na kaptula yake ya mpira nyekundu mpaka nje ya lango. Wenzake wa kasida, bila kujua wanakimbia nini, wakamfuata.

Mwalimu akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, kuna nini huko kwa kina mama?"

Bi Saumu hahitaji kipaza sauti. "Rukia amemvisha mtoto sanda ya mkwewe!"

Upande wa pili wa pazia nikasikia kikohozi cha mtu anayekizuia kicheko. Kikohozi hicho nakijua, nimelala nacho miaka kumi na miwili. Na mimi nilitamani ardhi ipasuke, ingawa kwa siku ile nadhani hata ardhi ingeniuliza nimekuja na vitambaa vingapi.

Kisha tukarudi nyumbani. Mama aliketi kitandani na kibegi mapajani, akavihesabu vilivyobaki, akasema, "Mwanamke huzikwa na vitano. Mimi sasa n'na vinne." Akanieleza, bila hasira, na ndiyo iliyoniumiza. Marehemu mumewe alipokwenda hija alirudi na sanda mbili, yake na ya mkewe, alizoziosha mwenyewe kwa maji ya zamzam na kuzianika. Ule uzi wa kijani aliutia yeye Mama, ili zisichanganyike. Ya mzee alizikwa nayo. Yake ndiyo hii.

Nikapiga magoti, nikamwambia kesho nitakwenda kukitafuta kitambaa kizuri kuliko vyote.

"Kitambaa utanunua," akasema. "Na mkono uliokikamua utaununua wapi?"

Nililia, na sikulia kwa aibu ya uwanjani. Nilimwonea huruma, nikajichukia na tepu yangu.

Siku mbili nikaishi na "Haya". Mama, chai hii. Haya. Mama, nimepika samaki wa kupaka. Haya. Athmani alijaribu kusema neno, akacheka kabla hajalimaliza, akafukuzwa akakae barazani. Siku ya tatu asubuhi Mama akaja sebuleni na ile kanzu, ameifua kwa mkono wake, akaiweka juu ya cherehani.

"Keti. Fumua huu mkono wa kulia, umeushona ndani nje. Nimeuona tangu siku ile."

Yaani katikati ya yote yale, sanda, ukelele, matwari yanaanguka, mama huyu alikuwa ameuona mshono. Nikafumua, yeye amekaa pembeni ananielekeza. Swaleh akasimama mlangoni akasema yeye haivai, hata apigwe.

"Njoo," Mama akamwambia. "Mimi nimelala chini ya kibegi hiki miaka, kimenifanya n'ni? Nguo haimuui mtu. Hini aliikamua babu yako kwa mkono wake. Alikufa hujazaliwa, hamkuonana. Haya, vaa, muonane."

Akavaa. Mama akalinyoosha pindo, akaupapasa ule uzi wa kijani, na hakusema mashallah. Alisema, "Kimoja n'tachanganya cha dukani. Huko niendako nitamweleza mwenyewe mzee, na atacheka. Lakini sina haraka."

Ijumaa Swaleh alikwenda nayo msikitini na babake, na Athmani aliporudi akaapa kwamba wazee walimpisha mtoto mpaka safu ya mbele, hakuna aliyetaka kusimama naye bega kwa bega.

Kitambaa cha tano tulikwenda kukinunua mimi na Mama, kwa Bi Saumu, mchana, mbele ya wateja, nikaulizwa yote niliyoyakimbia siku ile na nikajibu yote. Kibegi sasa kina kufuli, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso yake. Sikumlaumu. Na mimi nimejiwekea nadhiri mbili: simpimi mtu akiwa amekaa, na sikati kitu kabla ya kuuliza. Hata kitambaa cha kufutia vyombo, nakishika mkononi na mkasi, naita, "Mama, hiki cha nani?"

Naye hunijibu kutoka chumbani, "Chako hicho, kata. Changu bado nakihitaji."