Mtetemo wa Kiti cha Nyuma

Mama yangu alikuwa amepasuliwa jicho moja Ruharo, hospitali ya macho ya Mbarara, na la pili lilikuwa linangoja. Siku ya kurudi hospitali ilipokaribia akaanza kudai jicho moja linamtosha, eti kuchambua maharage hakuhitaji macho mawili. Nilikasirika. Bila upasuaji jicho lile lingezimika kabisa, na mama si mtu wa kuogopa kisu.

Nilipombana jikoni kwetu Misiera, kambini kwa wakimbizi, akanong'ona: "Motokari ya bwana yako inatingisha mingi. Siku ile ya kutoka hospitali, jicho iliniuma mpaka nikalia mu kitambaa. Lakini usimwambie."

Kwetu tulikotoka, Kivu Kusini, mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana mpaka inachosha. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Mama alikuwa akipanda kiti cha nyuma kabisa, na mume wangu anageuza kioo cha ndani ili asimwone. Neno lolote lilipitia kwangu. Kulalamikia gari la mkwe, kwa mama, ilikuwa sawa na kumtukana.

Mume wangu naye alijua kuna kitu. Gari lilibadilishwa viungo vya propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma, na tangu hapo tukibeba watu alisikia mvumo kila tulipoingia lami ya Kaberebere, njiani kwenda Mbarara. Alilirudisha gereji Mbarara mara nyingi, lakini kila mara peke yake, maana huwezi kumburuta mama mkwe ukajaribu naye gari. Likiwa tupu lilitulia. Wakasawazisha magurudumu, wakabadilisha beringi. Fundi akamwambia, "Mzee, hii gari iko sawa. Hakuna kitu."

Mficha maradhi kilio humuumbua, nikajisemea, na nikamwambia mume wangu yote. Aliweka kijiko chini. "Mama alilia mu motokari yangu?" aliuliza. Nilimpenda saa hiyo kuliko siku ya harusi yetu.

Asubuhi alisimama mlangoni kwa mama, uso kaupeleka kwenye migomba. "Mama, naomba twende tujaribu motokari pamoja. Uniambie weye mwenyewe."

Mama akanitazama nimjibie. Nikajifanya nafunga kiatu. Mwishowe akachukua kitenge chake akapanda.

Kwenye lami mume wangu akaongeza mwendo. "Mama, unasikia fasi gani?"

Mama akajifunika mdomo kwa kitenge. Halafu: "Hapa chini ya makalio, mukwe."

Nilicheka peke yangu. Hawa wawili walikuwa kazini.

"Na nikiachia mafuta?"

"Inapunguka. Lakini inalia bado."

Tulikwenda moja kwa moja gereji. Fundi alipanda nyuma kando ya mama, wakazunguka, na alipotoka hakusema tena hakuna kitu. Aliingia chini ya gari. Vipande viwili vya propela vilikuwa vimeunganishwa bila kufuata alama, viungo vyake havikuelekeana. Gari tupu lilivumilia. Uzito ukikandamiza nyuma, propela inapinda kidogo zaidi na kutikisa kiti kizima. Akaifungua, akaizungusha, akaifunga upya.

Tukirudi, mume wangu akauliza kama bado inatingisha. Nikageuka: mama alikuwa amelala, mdomo wazi.

Jicho la pili lilipasuliwa wiki iliyofuata. Siku ya kufunguliwa bandeji, mume wangu alitungoja mlangoni kwa adabu yake ile ile, uso ukutani. Mama aliachia mkono wangu akamwendea.

"Geuka," alimwambia.

Akageuka, macho chini. Mama akamtazama paji la uso, mvi, kovu la kidevuni, bila haraka. Tumeoana miaka mingi na tuna watoto wakubwa.

"Kumbe nilikupatiaka mtoto wangu bila kukuona," mama alisema.

Mume wangu akalia pale pale, mbele ya wagonjwa wote.