Betri ya Kufika

Mama yangu, ambaye mimi humwita hooyo kama watoto wote wa Kisomali, hakuupenda mji wa Garissa hata siku moja. Alikuja mara chache, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka langu la sola, akalalamika kwamba maziwa ya mjini yana ladha ya jerikeni, kisha akaomba arudishwe kwa mbuzi wake. Kwa hiyo wa kusafiri nilikuwa mimi. Kambi yake ilikuwa upande wa barabara ya Masalani: unaanza na lami, unaingia murram ya changarawe, na kipande cha mwisho ni mchanga mtupu.

Bodaboda zipo, najua. Nilizipanda miaka mingi. Lakini dereva wa bodaboda hukusubiri, na anayekusubiri hupiga honi kabla hujamaliza kikombe cha pili. Pikipiki yangu mwenyewe nayo ilikuwa mwiko: hooyo aliniapisha nisinunue kamwe, baada ya kumzika mdogo wake aliyegongwa akiwa juu ya pikipiki. Alichosahau ni kuniapisha kuhusu chombo cha gurudumu moja. Hapo nikapata mwanya.

Kilinijia kutoka kwa binamu yangu wa ughaibuni, ndani ya kontena la mitumba. Hakina kiti, hakina usukani, hakina breki ya kushika. Unasimama, mguu huku na mguu huku, gurudumu katikati. Ukiinama mbele kinakwenda, ukijivuta nyuma kinapunguza mwendo. Siku ya kwanza nilipokipitisha mbele ya wauza miraa, mmoja alipaza sauti, kwa lafudhi yetu ya Kisomali isiyo na p: "Mzee, gurudumu ya bili iko wabi?" Nikageuka nimjibu. Nikaanguka. Walicheka mpaka nami nikacheka.

Kwenye chombo hiki mota ndiyo inayokushikilia wima. Ikinyimwa umeme kwa muda wa kupepesa jicho, ardhi inakupokea. Wala si lazima betri iwe imekwisha. Safari yangu ya kwanza kwa hooyo nilikwenda kwenye lami kama bwana harusi. Mchanga ulipoanza, mota ikadai umeme mwingi kwa mkupuo, seli za betri zikashindwa kuutoa kwa haraka hiyo, volti zikaporomoka. Nikala mchanga huku betri ikiwa imebaki zaidi ya nusu. Nilikivuta mpaka barabarani na kurudi mjini bila kumwona.

Mimi ni fundi, na kushindwa na kisanduku cha betri kunaniudhi kuliko njaa. Nikakifungua. Ndani seli zimepangwa kwa misururu ili volti zipande, na misururu imeunganishwa ubavu kwa ubavu ili umeme udumu. Nafasi imejaa, huwezi kupenyeza hata seli moja zaidi. Unachoweza kuchagua ni aina ya seli. Zipo za pumzi ndefu, ambazo hubeba umeme mwingi lakini huutoa taratibu, na ukizilazimisha zinachemka. Kwa joto letu la Garissa, hata zikiwa zimelala zina homa. Zipo za nguvu, ambazo hutoa bila choyo na kuvuka mchanga, lakini huisha mapema. Kwenye kisanduku kimoja huwezi kupata yote. Mshika mbili moja humponyoka.

Niliweka za nguvu. Nikafika kwa hooyo nikiwa nimesimama, vumbi mpaka kwenye kope, na betri haina cha kunirudisha.

"Hooyo," aliniambia, maana mama wa Kisomali naye humwita mtoto wake hivyohivyo, "kitu hiki kinakula nini?"

"Umeme."

"Na hapa kitakula wapi?"

Nikamwonyesha paneli niliyomfungia ya taa na simu. Ilikuwa ndogo, kazi ile ingeichukua siku nzima na kipande cha siku ya pili. Basi nikalala. Tulikunywa shaah, chai ya maziwa ya ngamia, akanipa habari za kila mbuzi na tabia yake, nani kaolewa, nani kaachwa na kwa nini alistahili. Kesho yake mchana nikaenda kutazama chaji, haikuwa imesogea. Mtandio wake uliofuliwa ulikuwa juu ya paneli, umetandazwa vizuri, pembe kwa pembe.

"Hooyo, huu mtandio?"

"Nao unataka jua," akasema bila kunitazama.

Nikauacha palepale.

Baadaye binamu yangu alitaka kunitumia chombo kikubwa zaidi, cha kwenda na kurudi kwa chaji moja. Nikamwambia asijisumbue. Hakunielewa, nami sikumweleza.

Kisha kiangazi kikagoma kuondoka. Hooyo akapiga simu: wamehama na mifugo, wako upande wa Ijara. Nikamfuata kwa lori la mbuzi, nikakuta majivu ya moto wao na samadi iliyokwisha kukauka. Walikuwa wamehama tena. Hakuna betri wala mota iliyotengenezwa kwa mama anayehamahama. Nilikuwa na hamu naye mpaka chakula kikawa hakishuki. Kila fundi anajua betri isiyo na kazi haifai kukaa imejaa, huzeeka upesi. Mimi niliijaza na kuiweka imejaa. Nilitaka akiita tu, niondoke.

Mvua ilipokuja, akaita. "Tumerudi pale pale. Njoo."

Niliondoka duka likiwa na wateja. Murram ulikuwa unateleza, nikawa napanda na kushuka, napanda na kushuka. Kabla ya mchanga kuna laga, mkondo mkavu ambao siku zote niliuvuka bila kuutambua. Sasa ulikuwa mto mwekundu unaobeba miti mizima. Ng'ambo, akiwa ameshika fimbo, alisimama hooyo. Nilimpungia mkono, nikapiga kelele, maji yakazimeza. Nikampigia simu, nikamwona akiitoa kwenye nguo zake.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe pia."

"Mimi ni kiangazi. Wewe ni nini?"

Nikamwambia maji yatapungua, inshallah, nitavuka.

"Mawingu yako juu bado," akasema. Kisha akauliza, "Hicho chombo kina umeme wa kurudi?"

Nikatazama. Kwa kuwa sikuwa nimeugusa mchanga, umeme wa kunifikisha mjini ulikuwa umebaki.

"Upo," nikamwambia.

Akaichomeka fimbo yake kwenye tope.

"Basi usirudi sasa hivi."

Akaketi chini kwenye tope, na mimi nikaketi upande wangu. Niliishikilia simu sikioni, nikimsikiliza akipumua.